Divai «sec»: ukavu wa divai ni kitu gani?

Sikukuu ya Mwaka Mpya, mezani kwa yaya wangu, ndugu yangu mkubwa, pale Kamalondo, Lubumbashi, chupa moja ya divai nyekundu iliitwa kavu mara tatu na watu watatu. Shemeji alionja akasema ni kavu kwa sababu ilimchoma koo. Mama mdogo naye akasema kavu, huku akilamba meno kama mtu aliyeuma pera bichi. Yaya mwenyewe, mwenye kuinunua, akageuza chupa atuonyeshe etiketi: «Si imeandikwa hapa? Hii njo sec.» Neno moja, na kila mmoja alikuwa na lake moyoni. Aliyekaribia maana ya etiketi ni yaya, na yeye alikuwa hajaonja bado.

Kwenye chupa ya divai, sec, yaani «kavu» kwa Kifaransa, linahusu sukari tu. Divai kavu ni ile ambayo sukari ya zabibu imekwisha, au imebaki kidogo hata ulimi hauigundui. Neno hilo halisemi kama divai ni kali, chungu, nzuri au ya bei kubwa.

Anayejua munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, amekwisha kuelewa nusu ya habari. Mzizi uliopondwa ukiingia kwenye uji wa mahindi uliopoa, wanga wa mahindi unageuka sukari, na kesho yake asubuhi watoto wanagombania kikombe. Uache siku mbili tatu: utamu umepungua, uchachu umepanda, na sasa wanaoutafuta ni wakubwa. Sukari imeliwa na vijidudu. Kwa zabibu mlaji mkuu ni hamira, inayokula sukari na kuacha alkoholi na gesi. Hesabu yake ni nyepesi: karibu gramu 17 za sukari katika lita zinazaa digrii moja (asilimia moja) ya alkoholi. Juisi ya zabibu yenye gramu 220 kwa lita, hamira ikimaliza kazi yake yote, inakuwa divai kavu ya digrii 13 hivi.

Mtengenezaji akitaka utamu ubaki, lazima amkatize mlaji huyo. Anaweza kuipoza divai na kuichuja hamira itoke. Anaweza kuacha zabibu zikae mtini mpaka zinyauke na kujaa sukari ambayo hamira haitaiweza yote. Hivyo ndivyo Constantia, karibu na Cape Town, ilivyojipatia sifa Ulaya katika karne ya 18, hata Napoleon akiwa kifungoni Saint Helena alipelekewa divai ya huko. Wareno wa Porto wao wanamwaga pombe kali katikati ya kazi, hamira inakufa, na sukari inabaki. Kwa hiyo divai ya Porto ina digrii 20 hivi na sukari karibu gramu 100 kwa lita. Mjini kwetu wanaume wengi wanasema divai tamu ni ya kina mama, haina nguvu. Wape glasi tatu za Porto, kisha uwaombe wasimame.

Kwa divai isiyo na mapovu, sheria za Ulaya zimeweka mipaka hii: sec mwisho wake gramu 4 za sukari kwa lita, na inaruhusiwa kufika 9 kama uchachu wake ni mkubwa wa kutosha, demi-sec (nusu kavu) hadi 12, na kwa sharti kama hilo hadi 18, moelleux (tamu kiasi) kutoka hapo kuelekea 45, doux (tamu) kuanzia 45. Afrika Kusini, inakotoka sehemu kubwa ya chupa zinazofika Lubumbashi kwa malori kupitia mpaka wa Kasumbalesa, ina mipaka yake, lakini ngazi ni za namna hiyohiyo.

Namba hizo peke yake hazisemi mengi, kwa hiyo ziweke karibu na soda. Lita moja ya Coca-Cola ina gramu 106 za sukari. Chupa nzima ya divai sec, sentilita 75, kwa kawaida ina gramu 3 au pungufu, yaani kijiko cha chai kisichojaa. Hata moelleux haifikii nusu ya soda. Mtu aliyelelewa na Fanta ya baridi katika kila arusi na kila matanga ataonja divai sec akunje uso, na hana kosa. Ulimi wake umezoea kipimo kingine. Wako wanaochanganya divai nyekundu na Coca, na wako wanaowacheka. Mimi siwacheki: Wabasque wa Hispania wanakunywa mchanganyiko huohuo, wanauita kalimotxo, na divai wanayo ya kutosha.

Mtego mkubwa uko kwenye divai za mapovu. Hapo sec si kavu. Champagne iliyoandikwa sec ina gramu 17 hadi 32 kwa lita, na demi-sec ni 32 hadi 50. Anayetaka kavu anatafuta brut, isiyofika gramu 12, au extra brut, isiyozidi 6. Chanzo ni historia. Katika karne ya 19 Champagne ilinywewa tamu sana, hasa Urusi, na kwa watu wa wakati ule gramu 30 zilikuwa kweli ukavu. Waingereza walipotaka kavu zaidi ya hapo, ilibidi ngazi mpya ziongezwe chini ya ile ya zamani. Brut ya mjane Louise Pommery ya mwaka 1874 ndiyo inayokumbukwa zaidi. Majina ya zamani yaliachwa palepale. Bwana arusi anayeagiza mapovu demi-sec akidhani anachagua katikati atamiminiwa kitu kitamu, na pengine wageni watamshukuru.

Turudi Kamalondo. Kilichomchoma shemeji koo ni alkoholi. Hiyo Kiswahili kinaiita ukali, na haina undugu wa lazima na ukavu, Porto imeshatuonyesha. Mama mdogo alikuwa na kesi ngumu zaidi, maana kinywa chake kilikauka kwelikweli. Alichokutana nacho ni tanini, vitu vinavyotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, vinavyoshikana na mate mpaka mate yanapoteza utelezi. Tunavijua kwenye chai iliyochemshwa mno bila maziwa, kwenye pera bichi, kwenye ganda la ndizi mbichi. Kiswahili kina neno lake kamili, ukakasi, na ni hasara kwamba tunaliacha tukiwa na glasi mkononi na kukimbilia kavu. Divai nyeupe inaweza kuwa sec bila ukakasi hata chembe, kwa sababu kwa kawaida juisi yake hutenganishwa na maganda mapema. Nyekundu inaweza kuwa na sukari na bado ikakukamata meno.

Kuna ladha ya tatu inayoingia kwenye ugomvi huu, uchachu, ule unaojaza kinywa mate kama limau. Uchachu huficha sukari. Onja maji ya limau yasiyotiwa kitu, kisha tia vijiko viwili vya sukari: yanapendeza, lakini huwezi kuyaita uji wa sukari. Riesling nyingi, divai nyeupe za bonde la Mosel, Ujerumani, zinacheza mchezo huo. Zina sukari ya kutosha, na mnywaji anaapa ni karibu kavu.

Pua nayo inadanganya. Divai yenye harufu ya embe au nanasi lililoiva tunaiita tamu kabla haijagusa ulimi, kwa kuwa maisha yetu yote harufu hiyo imekuja pamoja na sukari. Dawa yake ni ya kitoto: ziba pua, weka divai mdomoni, subiri kidogo. Ulimi ukibaki peke yake unasema kama sukari ipo. Fanya hivyo nyumbani, mbele ya wakwe hapana.

Kutenganisha ladha hizi ndiko kunakofanya chupa moja ya mwisho wa wiki iwe mchezo wa nyumbani, hata bila kujua jina la shamba lolote. Na mezani kuna faida. Michopo ya mbuzi, nyama choma yenye mafuta na chumvi, inatuliza ukakasi wa divai nyekundu, kwa kuwa tanini inashikana na protini ya nyama badala ya mate yako. Maziwa ndani ya chai yanafanya kazi hiyohiyo. Bukari (ugali) na samaki tomson wa kukaanga wanapenda nyeupe sec yenye uchachu, pale ambapo wengine wangekamua limau. Pilipili ikiwa nyingi, achana na nyekundu ya digrii 14: alkoholi inauchochea moto. Demi-sec ya baridi inauzima vizuri zaidi.

Baridi yenyewe inapunguza utamu, joto linaukuza pamoja na ukali. Wanaposema nyekundu inywewe kwa joto la chumba, chumba kinachotajwa ni cha Ulaya ya zamani, digrii 16 hadi 18, si sebule ya Lubumbashi mwezi wa kumi. Nusu saa kwenye frigo, kama umeme upo. Kama haupo, ndoo ya maji ya baridi na kitambaa kilicholowa.

Yaya sasa anauliza swali lingine: chupa isiyoandikwa sec wala demi-sec, hasa zile nyekundu za Afrika Kusini, aitambueje dukani? Nyekundu ya mezani isiyosema kitu mara nyingi ni kavu, kwa hiyo anayependa utamu atafute doux, moelleux au neno sweet. Kisha asome digrii, zilizoandikwa kwa herufi ndogo pembeni. Zikiwa 13 au 14, hamira huenda imekula karibu yote. Zikiwa 8 au chini, kuna uwezekano mkubwa sukari imebaki. Moscato d'Asti ya Italia, yenye digrii 5 hivi, ni tamu kabisa. Porto na ndugu zake wanavunja kanuni hii kwa sababu ya pombe iliyoongezwa. Wiki iliyopita alirudi na chupa ya digrii 7 na nusu. Mama mdogo alimaliza glasi mbili, na shemeji akauliza kama bia ya Simba ipo.