Dhana Potofu Kuhusu Ukuaji wa Mtoto Zinazoingia Darasani

Kila Januari, shule za chekechea za Nairobi, kuanzia zile zilizobanwa katikati ya maghorofa ya Pipeline hadi zenye viwanja vya nyasi kule Lavington, huwapokea wazazi wenye swali lile lile: mtoto ataanza kuandika lini? Swali hilo linatokana na upendo, na karo inayolipwa imetolewa jasho, kwa hiyo mwalimu hujikuta akilijibu kwa kitu kinachoonekana upesi, yaani daftari lililojaa herufi. Hata hivyo, daftari linaweza kujaa huku mtoto akiwa hajajifunza lolote la maana, na dhana nyingi potofu huzaliwa hapo, pale dalili ya ukuaji inapochukuliwa kuwa ndiyo ukuaji wenyewe.

"Anayeandika mapema ndiye mwerevu"

Mtazame mtoto wa miaka 3 aliyepewa penseli akaambiwa anakili herufi moja ukurasa mzima. Ataishika kwa ngumi, bega zima litasogea kwa kila mstari, na karatasi itatoboka kwa kukandamizwa. Huo si uvivu wala ukaidi. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo 8, lakini mtoto huzaliwa sehemu hiyo ikiwa bado gegedu laini, ambalo hugeuka kuwa mfupa hatua kwa hatua kwa miaka mingi. Uwezo wa kuutawala mkono nao huanzia begani ukashuka polepole hadi kwenye vidole.

Kinachoiandaa mikono hiyo kwa uandishi ni kukanda unga, kutunga shanga, kufunga vifungo, kuambua njegere na kuchora apendavyo. Ndiyo sababu mtaala wa umilisi unataka watoto wa PP1 na PP2, yaani madarasa mawili ya chekechea, wenye miaka 4 na 5, wafundishwe kwa michezo na shughuli za mikono. Mzazi anayempokea mwanawe jioni akiwa na udongo kwenye kucha asidhani kwamba karo yake imepotea bure. Kupanga vizibo vya soda kwa rangi, kuvihesabu na kuwagawia wenzake sawasawa ni hesabu kamili, na kupiga makofi kwa kila silabi ya wimbo ni mwanzo halisi wa kusoma. Kinachosikitisha ni kuwaona watoto wanaoingia gredi ya kwanza wakiwa tayari wamechoshwa na shule.

"Kiswahili nyumbani kitamharibia Kiingereza"

Hii ndiyo dhana inayoleta hasara kubwa zaidi jijini, kwa sababu inamfanya mama anayejua kusimulia, kutania na kueleza kwa Kiswahili, Kikamba au Kiluo aanze kumsemesha mwanawe kwa sentensi fupi fupi za Kiingereza za kuamrisha tu: njoo, kaa, kula, lala. Mtoto huyo hapati Kiingereza kizuri, na papo hapo ananyimwa mazungumzo marefu ambayo ndiyo yanayokuza lugha yoyote ile. Watoto wengi duniani hulelewa katika lugha zaidi ya moja bila madhara. Kuchanganya lugha katika sentensi moja ni hatua ya kawaida, na msamiati wa mtoto kama huyo unapaswa kuhesabiwa katika lugha zake zote kwa pamoja.

Sera ya elimu ya Kenya, tangu ripoti ya mwaka 1976 ya Tume ya Gachathi, iliyoundwa na serikali kuangalia elimu, imeelekeza kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na katika mitaa mingi ya Nairobi lugha hiyo ni Kiswahili. Mtoto aliyekwisha kuelewa maana ya "kubwa kuliko" katika lugha anayoimudu huongezewa tu maneno mapya ya Kiingereza. Hafundishwi dhana upya. Iwapo mtoto ametimiza miaka 2 na haungi hata maneno mawili katika lugha yoyote, lugha za nyumbani zisilaumiwe. Apelekwe hospitalini apimwe masikio kwanza.

"Aliyetembea mapema atakuwa na akili"

Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 2006 viwango vinavyoonyesha kwamba mtoto mwenye afya anaweza kuanza kutembea peke yake wakati wowote kati ya miezi 8 na karibu miezi 18. Hapa kwetu, utafiti wa mwanasaikolojia Charles Super miongoni mwa Wakipsigis, uliochapishwa mwaka 1976, uliwakuta watoto wakiketi na kutembea mapema kuliko wale wa Marekani kwa sababu mama zao waliwazoeza kwa makusudi, ilhali katika mambo wasiyozoezwa hawakuwa mbele. Mazoezi ndiyo yaliyoleta tofauti. Na mwenye mashoto asilazimishwe kutumia mkono wa kulia: karibu mtu 1 kati ya 10 yuko hivyo, na kinachohitajika ni kumketisha mahali ambapo kiwiko chake hakitagongana na cha jirani.

"Nimemweleza mara tatu, ni mzito tu"

Mimina uji kwa kiasi sawa katika vikombe viwili vinavyofanana, kisha, mtoto wa miaka 4 akiona, hamisha uji wa kikombe kimoja kwenye glasi ndefu na nyembamba. Wengi wa umri huo watasema glasi ina uji mwingi zaidi. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alitumia jaribio la namna hii kuonyesha kwamba mtoto mdogo huamua kwa kile kinachoonekana. Watafiti waliofuata walionyesha kwamba swali likiulizwa kwa njia aliyoizoea hujua zaidi ya alivyodhani Piaget, kwa hiyo umri usigeuzwe kuwa ukuta. Mwalimu anayefundisha hesabu ya kutoa kwa alama za ubaoni pekee ajaribu kwanza maharagwe mezani, mtoto ayaondoe kwa mkono wake mwenyewe na aseme kilichobaki.

Aulize pia kama mtoto amekula. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliwakuta asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka 5 wakiwa wamedumaa, na upungufu wa madini ya chuma hupunguza umakini hata kwa mtoto anayeonekana mnene. Mpango wa chakula cha shuleni wa Dishi na County ulioanzishwa Nairobi mwaka 2023, ambapo mzazi huchangia shilingi 5 kwa mlo, ni sehemu ya ufundishaji sawa na chaki.

"Sasa ni mkubwa, anajua anachofanya"

Ubongo hukaribia ukubwa wa utu uzima mapema sana, takriban asilimia 90 kufikia miaka 6, na wengi huhitimisha kwamba kazi imekwisha. Sehemu ya mbele, inayosimamia kupanga na kujizuia, huendelea kukomaa hadi miaka ya 20 na kitu. Mwanafunzi wa gredi ya 7, mwenye miaka 12 na sauti inayovunjika, hupewa mradi wa majuma matatu na kuukumbuka usiku wa mwisho. Adhabu ya viboko, ambayo Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaikataza, haiongezi kasi ya ukomavu huo. Kinachomsaidia ni mradi uliogawanywa: Ijumaa ya kwanza alete swali lake, ya pili alete alichokusanya, na mwalimu atie sahihi kila mara kabla ya hatua inayofuata.