Aliyeuguza UVIKO-19 si mvivu wa masomo

Siku ya Afya ya Akili Duniani, 10 Oktoba, imekaribia, na malalamiko ya walezi wa wanafunzi wa vyuo hapa Tanga yanafanana: kijana alikuwa sawa, sasa haingii darasani, halali, anafoka kwa jambo dogo, sapu (mitihani ya marudio) zimemjaa.

Vyuo vilivyofungwa kwa sababu ya UVIKO-19 vilifunguliwa 1 Juni 2020 tukadhani yamekwisha. Lakini wapo waliorudi wakiwa wamemuuguza mzazi akikosa pumzi mbele yao, au wao wenyewe waliponea chupuchupu. Mwanafunzi wa aina hiyo akinusa mvuke wa majani ya mikaratusi uliotumika kujifukizia nyumbani, au mwenzake akikohoa nyuma ya ukumbi, anarudishwa kwenye chumba kile kile cha mgonjwa. Haigizi; huu ndio msongo baada ya kiwewe, maradhi ya akili yanayofuata tukio la kutisha. Mwili unapokea hatari kama ipo sasa: moyo unakwenda mbio, jasho linamtoka. Kesho yake anakwepa ukumbi wenyewe, na ndipo mahudhurio yanapoporomoka.

Naomba tuelewane hapa. Kuchoka na habari za vifo kwenye simu si msongo baada ya kiwewe. Kuogopa mtihani pia siyo. Ili uitwe hivyo, lazima awe amekabiliwa na kifo au tishio lake, yeye au mtu wake wa karibu, na dalili zizidi mwezi mmoja. Na hili la kusema kijana amepandwa na majini, tumelijibu mara nyingi. Dua hatuizuii, tunachokataa ni kijana kuzungushwa kwa waganga muhula mzima ndipo aletwe kwetu, Hospitali ya Bombo.

Akija, alete kitambulisho cha chuo, kadi ya bima, na barua ya rufaa ikiwa ametokea zahanati. Dodoso la dalili za kiwewe tunalotumia lina maswali 20, kila swali alama 0 hadi 4, jumla 80. Anayefikia 31 hadi 33 na kuendelea hajathibitishwa kuwa mgonjwa; anahitaji mahojiano kamili na mtaalamu. Ninasisitiza kwa sababu wapo wanaojijazia dodoso hilo kwenye simu kisha wanadai barua ya kuahirisha mwaka. Barua hutolewa baada ya uchunguzi, ikiwa na jina la daktari, sahihi, tarehe na muhuri, nayo hupelekwa chuoni kabla ya mtihani, si baada ya matokeo. Kughushi barua hiyo ni jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, mbali na hatua za chuo chenyewe.

Tiba ya kwanza ni mazungumzo ya kitaalamu, wiki baada ya wiki, mgonjwa akilikabili tukio taratibu. Wengine huongezewa dawa kama setralini, ambayo hutibu pia sonona. Diazepamu, dawa ya kutuliza, ya kununua kimyakimya dukani haitibu kiwewe, na kuiacha baadaye ni kazi nyingine.

Akianza kusema bora afe, msisubiri siku ya kliniki. Mleteni kitengo cha dharura saa yoyote, na asiachwe peke yake chumbani. Najua sheria yetu inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na familia nyingine huficha kwa kuogopa polisi. Mleteni hivyo hivyo. Sisi tunampokea kama mgonjwa.