Stika nene haidumu kuliko nyembamba

Karibu kila mwenye boti anayefika kwangu huanza na maneno yale yale: "Fundi, nipe ile stika nene, maana nyembamba itabanduliwa na maji ya chumvi." Huyasema huku akiibinya vinaili, ile plastiki ya stika, kwa vidole viwili kama anayechagua khanga dukani. Juzi ameyarudia nahodha wa boti ya watalii ambaye herufi za vinaili nene kwenye boti yake zilikuwa zimejikunja pembe zote, na bado alitaka zilizo nene zaidi. Basi naandika, ili mara nyingine nimpe mtu asome badala ya kubishana naye juani.

Chumvi haina kesi hapa. PVC, plastiki inayotengenezewa vinaili, huvumilia maji ya bahari vizuri sana. Kinachoiumiza ni jua, na jua humaliza haraka zaidi ile iliyotengenezwa vibaya. Vinaili ya bei nafuu hupatikana kwa kuyeyusha PVC na kuipitisha katikati ya rola za moto, ambazo huibana na kuivuta mpaka iwe utando wa mikroni 70 hadi 100 hivi (mikroni elfu moja ni milimita moja). Mvutano huo haupotei. Hubaki ndani ya utando, na kila unapopashwa na jua la adhuhuri utando hujaribu kurudi kwenye umbo lake la awali, hivyo herufi husinyaa kidogo kidogo na kuiacha gundi ikiwa wazi kando yake. Gundi hiyo hunasa vumbi na moshi wa injini, na ndiyo ule mstari mweusi unaozunguka herufi, ambao wateja huniambia kuwa ni uchafu wa bandarini.

Vinaili ya kumiminwa ni jambo lingine kabisa. Humwagwa ikiwa majimaji juu ya karatasi laini, kisha hupita kwenye tanuri mpaka kiyeyusho kitoke, bila kubanwa wala kuvutwa. Hutoka na unene wa mikroni 50 hivi, na kwa kuwa haikulazimishwa kuwa nyembamba, haina pa kurudi. Wembamba huo huo ndio unaoiwezesha kulala juu ya mkunjo wa omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, na vichwa vya ribiti, mahali ambapo ile nene hukaa siku mbili kisha ikainuka. Ipo pia ya rola yenye vilainishi bora, ambayo husinyaa kidogo tu. Hiyo naikubali kwa ubavu ulionyooka, si zaidi ya hapo.

Tatizo ni kwamba roli nyingi zinazofika madukani hazina maelezo ya kuaminika, na kwa macho hutazijua. Mimi hubandika kipande kwenye bati la alumini, nikakikata msalaba kwa wembe na kukiacha juani kwa siku kadhaa. Mipasuko ikipanuka, imesinyaa. Jaribio hilo, hata hivyo, halinielezi chochote kuhusu umri wa gundi, na hapo hubahatisha kama mafundi wengine. Ile miaka kwenye lebo nayo isikulevye, kwa kuwa mara nyingi huhesabiwa kwa sehemu iliyosimama wima katika hali ya hewa ya Ulaya, si kwa paa la boti linalotazama juu chini ya jua la Ikweta.

Kuhusu sehemu ya kubandikia nitasema kwa ufupi. Faiba mpya huwa na nta iliyotoka kwenye kalibu iliyoiumba: ioshe kwa sabuni, iondoe nta kwa kiyeyusho chake, kisha ipanguse kwa spiriti na kitambaa kikavu. Rangi mpya isubiri wiki kadhaa, la sivyo itatoa hewa na kuleta mapovu. Kayaki na matangi ya polithini huikataa gundi ya kawaida, hivyo tafuta vinaili yenye gundi iliyotengenezewa plastiki hizo. Kata pembe za herufi ziwe za mviringo, na usishushe boti majini kabla ya siku moja kupita. Chini ya mstari wa maji usibandike kabisa.

Kuna wanaoziba kingo kwa vanishi. Nimeona ikisaidia, na nimeona ikipasuka na kuing'oa herufi pamoja nayo, nami bado sijaamua.

Mashua ya mbao iliyopakwa sifa, naomba msiniletee kwa ajili ya stika, kwa sababu hakuna gundi itakayoshika juu ya mafuta ya papa. Kwa hiyo ubao wa jina usipakwe sifa, bali upakwe rangi, na hapo ndipo ile vinaili nene ya bei nafuu inapofaa: naikata iwe stensili, tunapaka rangi ya mafuta kwa brashi isiyolowa sana, kisha tunaibandua stensili hiyo wakati rangi bado haijakauka kabisa, ili kingo za herufi zisimeguke.