Boya kubwa sio ndo boya zuri

Kuna hii imani kwamba ukivua kwa ndoana, ukinunua boya kubwa la duara ndo utaona samaki akigusa chambo, ati kwa sababu linaonekana kwa mbali. Kwa samaki wadogo ni kinyume kabisa jamani! Boya nene linaelea kwa nguvu, sasa samaki mdogo akivuta chambo anakuta kitu kinamvuta kurudi juu, anatema, na wewe huko juu umeona limetikisika kidogo tu ukadhani ni mawimbi.

Chukua boya jembamba, refu, lile la kama kalamu, af ongeza vichubwi (vile vizito vidogo vya kuzamisha) kwenye mshipi kimoja kimoja mpaka kibaki kincha tu juu ya maji. Hapo hata akigusa kwa mdomo tu linazama. Na hapa ndo wengi wanapoachia samaki, wanasubiri lizame tu, kumbe samaki akiokota chambo chini na kupanda nacho, anabeba na uzito wa kichubwi cha chini, boya linainuka au linalala ubavu. Huyo keshakula, vuta!

Kubana vichubwi vyote sehemu moja karibu na ndoana sishauri, chambo kinashuka kama jiwe.

Upepo ukiwa mkali au maji yanakimbia, sawa, panda saizi moja, boya lenye tumbo kidogo linatulia zaidi. Kina cha maji kikizidi urefu wa fimbo yako ya kuvulia tumia boya la kuteleza kwenye mshipi, na fundo kwenye mshipi la kulizuia kwa juu, otherwise kurusha kunakua shida.