Printa si ya Windows peke yake

Hapa Malindi, mtu akihama Windows kwenda mifumo mingine ya kompyuta, Linux au Mac, huambiwa aiuze printa yake ya nyumbani, eti printa zote ni za Windows. Si kweli, na inaumiza kuona watu wakipoteza pesa kwa sababu hiyo.

Imani hii ina chanzo. Miaka ya 1990 ziliuzwa printa rahisi ambazo kazi ya kupanga ukurasa ziliiachia Windows, na diski ya programu iliyokuja nazo haikufaa kwingine. Ukiipata moja ya mtumba, itakusumbua kweli.

Lakini tangu Apple ilipoleta AirPrint, njia ya kuchapisha kupitia Wi-Fi, mwaka 2010, printa nyingi za Wi-Fi hupokea kazi bila draiva maalumu, yaani programu ya kuendesha printa. Mac na Linux nyingi hutumia CUPS, programu ya kuchapisha iliyotoka 1999, nayo huzitambua yenyewe. Weka printa na kompyuta kwenye Wi-Fi moja, fungua mipangilio ya printa, usubiri kidogo: jina litajitokeza. Hakuna diski wala fundi.

Unaponunua, soma boksi. Ukiona AirPrint, ichukue, hata kama Linux haikutajwa popote.