Kila mkunga anayevuliwa mtoni hajawahi kuzaa

Wavuvi wa sato wanaifahamu vizuri kanuni ya matundu ya nyavu: samaki mdogo aachwe apite, akue, azae angalau mara moja, ndipo avuliwe. Kwa mkunga wa maji baridi kanuni hiyo haisaidii kitu. Samaki huyu mrefu na mtelezi, ambaye baadhi ya watu humwogopa wakimdhania nyoka ilhali ana matamvua na mapezi kama samaki mwingine yeyote, huzaa mara moja tu maishani, huzalia baharini, na akishazaa hufa. Kwa hiyo mkunga anayetolewa mtoni, awe mwembamba kama kidole au mnene kama mkono wa mtu mzima, ni samaki ambaye bado hajaacha mtoto hata mmoja.

Aliyechunguzwa kwa muda mrefu zaidi ni mkunga wa Ulaya. Mtafiti wa Denmark, Johannes Schmidt, alikokota nyavu zake baharini mwaka baada ya mwaka akitafuta viluwiluwi vidogo kuliko vyote, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 akaeleza kwamba mazalia yako katika Bahari ya Sargasso, upande wa magharibi wa Atlantiki. Hadi leo hakuna aliyewaona mikunga hao wakizaa. Viluwiluwi, bapa kama jani, huchukuliwa na mikondo hadi pwani za Ulaya, na hapo hugeuka kuwa vifaranga vya urefu wa sentimita sita au saba, vyeupe kama kioo, kiasi kwamba ukikiweka kimoja kiganjani unauona uti wake wa mgongo, macho mawili meusi na wekundu wa moyo. Hupanda mito, hubadilika rangi, hukaa huko miaka kumi, ishirini, hata zaidi. Siku ya kuondoka ikikaribia macho yao hupanuka, tumbo huwa la rangi ya fedha, na utumbo husinyaa, kwa maana hawatakula tena. Safari ya zaidi ya kilomita 5,000 huiendesha kwa mafuta waliyojiwekea mwilini.

Tangu kuanza kwa miaka ya 1980 vifaranga wanaofika Ulaya wamepungua kwa kiwango cha kutisha. Ukilinganisha na wastani wa miaka ya 1960 hadi 1979, katika Bahari ya Kaskazini wanaofika sasa ni kama mmoja kwa kila mia. Mwaka 2008 shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe, IUCN, lilimweka mkunga wa Ulaya katika kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, na mwaka 2014 mkunga wa Japani na wa Marekani wakatajwa kuwa hatarini. Sababu ni nyingi na zinasaidiana: mabwawa, kukaushwa kwa ardhi oevu, sumu za mashamba na viwanda zinazojikusanya katika mafuta yale yale ya safari, na mnyoo aliyeingia kutoka Asia miaka ya 1980 ambaye hukaa ndani ya kibofu cha hewa cha samaki. Kisha kuna biashara. Japani ilifaulu kumlea mkunga maabara hadi kizazi cha pili mwaka 2010, lakini ufugaji wa kibiashara bado unategemea vifaranga waliovuliwa porini, na kilo moja ya vifaranga hao ina wastani wa 3,000. Umoja wa Ulaya ulipofunga usafirishaji wao kwenda nje mwaka 2010, magendo yaliendelea, wengine wakiwapitisha ndani ya masanduku ya nguo kwenye viwanja vya ndege.

Mito yetu inayoingia Bahari ya Hindi nayo ina mikunga wa jamii hiyo hiyo, spishi nne, na wataalamu wanaamini kwamba huzalia mashariki mwa Madagaska. Mkunga anayetoka Rufiji anaweza kuwa mzazi wa kifaranga atakayeingia mto mwingine, katika nchi nyingine kabisa. Njia yao imezibwa mahali pengi. Katika Mto Tana mabwawa yamefuatana tangu Kindaruma mwaka 1968. Pangani ina Hale na Nyumba ya Mungu. Katika Rufiji, bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Umeme tunauhitaji, sisemi vinginevyo. Ninachosema ni kwamba ukuta unaweza kujengwa pamoja na njia ya samaki, na gharama ya njia ya kupandia ni ndogo mno ukiilinganisha na ukuta wenyewe.

Kifaranga wa mkunga haruki kama samaki wengine. Usiku hutafuta mahali penye unyevu, hulaza tumbo lake kwenye ukoga na kujinyonganyonga kuupanda mwamba uliosimama, ilimradi mwili wake usikauke. Mfereji mwembamba ulioinamishwa, wenye burashi au changarawe ndani yake na maji yanayochuruzika, unamtosha. Huko New Zealand vifaranga hukusanywa chini ya mabwawa na kupandishwa kwa magari. Kushuka ndiko kugumu zaidi, kwani mkunga mkubwa akifuata mkondo huishia kwenye mapanga ya mitambo, na urefu wake ndio unaomponza. Vyuma vya kumzuia, mlango wa pembeni wa kumpitisha, na kupumzisha mitambo katika usiku wachache wa mafuriko vinaweza kumwokoa.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2007 inalenga kwamba angalau asilimia 40 ya mikunga wazima ambao wangefika baharini kama binadamu asingeingilia kati wafike kweli. Huko ndiko ulinzi wetu nao uelekezwe: kuwafungulia wazima njia ya kutoka. Vyandarua vya mbu visitegwe kwenye milango ya mito, migono isizibe mto kutoka ukingo hadi ukingo, na vibali vya kuuza vifaranga vya mkunga nje ya nchi visitolewe. Kila kikundi cha BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za uvuvi, kiwe na daftari la kuandika tarehe, mahali na urefu wa kila mkunga aliyeonekana, maana Ulaya waliujua upungufu wao kwa sababu walikuwa wakihesabu. Na mkunga mwenye macho makubwa na tumbo la fedha akinaswa wakati wa mafuriko, arudishwe majini akiwa hai, upande wa chini wa mtego, kwa sababu anakoelekea ni baharini.