Nyota kando ya herufi mbili: kisa cha Judith Leyster

Swali ninaloulizwa sana na wanafunzi wa historia ya sanaa ni hili: kama wanawake walichora zamani, mbona hatuzioni kazi zao? Mimi huwapeleka Haarlem, Uholanzi, kwa Judith Leyster, kwa sababu kazi zake watu walikuwa wakiziona na kuzisifu miaka yote, ila wakimsifia mtu mwingine.

Judith alizaliwa mwaka 1609. Mwaka 1633 alipokewa kuwa fundi kamili katika Chama cha Mtakatifu Luka, kilichosimamia kazi ya wachoraji mjini humo. Alikuwa na karakana na wanafunzi. Mwaka 1635 mwanafunzi wake mmoja, kijana, alimwacha akahamia kwa Frans Hals, mchoraji mkubwa wa mji. Judith hakunyamaza, akapeleka mashtaka chamani. Alidai gulden 8, fedha ya Uholanzi ya wakati huo, kwa mama wa kijana, akapewa 4, na Hals akatozwa faini.

Mwaka uliofuata aliolewa na mchoraji mwenzake, Jan Miense Molenaer. Tangu hapo kazi zenye sahihi yake ni chache mno. Alifariki mwaka 1660, na mali ya nyumba yao ilipoorodheshwa baadaye, baadhi ya picha ziliandikwa tu kuwa za mke wa Molenaer.

Sahihi yake ilikuwa herufi J na L zilizounganishwa, na nyota pembeni. Kwenye picha ya mwaka 1630 ya mwanamume anayepiga fidla na mwanamke mwenye kinywaji, ambayo sasa iko Louvre, jumba la makumbusho mjini Paris, sahihi hiyo ilifunikwa kwa sahihi bandia ya Hals. Picha ikauzwa London kama ya Hals, na ukweli ulipojitokeza wafanyabiashara wakapelekana mahakamani. Mwaka 1893 wakapatana: bei ikashuka. Hili huniuma kila ninapolisimulia. Rangi zilikuwa zilezile, vicheko vilevile, lakini hakuna upande uliofurahia kupata mchoraji mpya. Aliyefurahia ni mtafiti Cornelis Hofstede de Groot, ambaye mwaka huohuo alitambua kazi 7 za Judith.

Ukitaka kumjua zaidi, itazame picha aliyojichora mnamo 1630, iliyoko National Gallery of Art mjini Washington. Amekaa, kiwiko juu ya egemeo la kiti, midomo imefunguka kidogo kama anayetaka kusema nawe, mkononi ameshika fungu zima la brashi. Mbele yake kuna picha isiyokwisha ya mpiga fidla anayecheka. Uchunguzi wa miale ya infraredi, ambayo hufichua yaliyo chini ya rangi, umeonyesha kwamba mahali pa mpiga fidla palikuwa kwanza na uso wa mwanamke, huenda ni yeye mwenyewe. Aliubadilisha. Naamini alifanya hivyo kwa hesabu za biashara: sura yake ilikwisha kuonyesha kwamba anaweza kuchora watu, na mpiga fidla akawaonyesha wateja kwamba picha za starehe, zilizopendwa sana sokoni, nazo anaziweza.